Chagua Atakayekusumbua: Mwongozo wa Kazi kwa Vijana wa Mbulu na Hanang

Kijana aliyemaliza shule Mbulu au Hanang hakosi washauri. Kuna mwalimu anayedai malimbikizo, kuna fundi ambaye simu yake haipatikani, kuna mwenye duka anayelala juu ya magunia ili yasiibiwe. Wote watamwambia kazi yao ni nzuri, ila asithubutu kuifuata. Mwongozo huu umekuja kuwapokea mzigo. Utakuonyesha namna ya kuchagua kati ya usomi, ufundi na kujiajiri kwa kigezo kimoja tu, kile ambacho kwenye semina za vijana hutajwa kabla ya chai: kazi isimeze maisha.

Anza kwa kuijua haki yako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mwajiriwa asizidishe saa 45 za kawaida kwa wiki, na apewe likizo ya siku 28 kwa mwaka huku mshahara ukiendelea. Isome vizuri, ikunje, iweke mfukoni. Halafu nenda nyumbani mwezi wa saba, mahindi yamekauka shambani na ng'ombe wa jirani wameshaanza kuyatazama kwa jicho la mapenzi, umwambie baba kwamba uko likizo. Atafurahi sana. Atakuuliza ni ya siku ngapi, kisha atazigawa hapo hapo bila kalamu: hizi za kuvunja mahindi, hizi za kupukuchua, hizi za kwenda na gunia mnadani, na ile itakayobaki ni ya kikao cha harusi ya binamu yako, ambako wewe ndiye umewekwa mweka hazina kwa sababu una kazi. Watumishi wazoefu wa huku huomba likizo msimu wa mavuno wakijua wanakokwenda, na hurudi ofisini kupumzika.

Lielewe hilo mapema. Hakuna kazi utakayochagua itakayokuondolea shamba. Profesa analo, mchomeleaji analo, na mama wa genge pale stendi ya Katesh analo. Kwa hiyo usijisumbue kuuliza ni kazi gani itakuachia muda. Uliza ni nani utakayemruhusu akusumbue katika ule muda ambao shamba halijauchukua. Ukishamjua msumbufu wako, umeshachagua kazi.

Hatua ya kwanza: usomi

Usomi unamfaa mtu anayetaka kusumbuliwa na watu wachache, ila kwa muda mrefu. Shahada ya kwanza ni miaka mitatu, ukiondoa sapu. Ukitoka na GPA nono, ile ya 3.8 ambayo wanaotaka kubaki chuoni kufundisha huiota usiku, unaingia uzamili, kisha uzamivu. Uzamivu kwenye karatasi ni miaka mitatu au minne. Kwenye maisha ni tangu mtoto wako anapotambaa mpaka siku atakapokuuliza mbona yeye ameshafika darasa la pili na wewe bado unasoma. Muda wote huo unasumbuliwa na mtu mmoja, supavaiza, naye hakusumbui kwa kukupigia simu. Anakusumbua kwa kutokupigia.

Ukipata ajira, Bodi ya Mikopo itakukumbuka kabla ya shangazi zako: asilimia 15 ya mshahara, kila mwezi, kwa ajili ya bumu ulilolinywea soda ukiwa mwaka wa kwanza. Ile asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa mwaka 2021, kwa hiyo usiseme hakuna anayeyafikiria mapumziko yako.

Msomi wa kwetu ana neema moja: hahitaji kwenda mbali kutafuta pa kufanyia utafiti. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom ilifunguliwa na wamisionari wa Norway mwaka 1955, na tangu hapo watafiti wamekuwa wakipanda kule kama watu wanaokwenda kuhiji. Haydom ilikuwa moja ya vituo vinane vya utafiti wa MAL-ED, uliofuatilia utapiamlo na magonjwa ya kuhara kwa watoto wadogo katika nchi nane, Peru na Nepali zikiwemo. Wadodosaji walizifikia kaya mara mbili kwa wiki kuuliza habari za tumbo la mtoto. Hebu ione picha yenyewe: mama ameshika jembe, jua limeshapanda, mbele yake amesimama kijana mwenye fomu na pikipiki, anataka kujua choo cha jana kilikuwaje. Hapo ndipo utaonja utamu wa usomi. Ni kazi ambayo unalipwa ili umsumbue mtu mwingine, naye anakukaribisha uji.

Na usidhani kusoma kuna kilele. Frederick Sumaye wa Hanang alikuwa Waziri Mkuu kwa miaka kumi, 1995 hadi 2005, na alipomaliza akaenda Marekani kusoma Harvard. Kama uwaziri mkuu haukumaliza hamu ya vitabu, uafisa kilimo wako wa kata hautaimaliza.

Lakini kisa kitamu kuliko vyote cha usomi na mapumziko kiko Yaeda Chini, wilaya hii hii ya Mbulu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Mwingereza James Woodburn alikuja kuishi na Wahadzabe, akaona kwamba mtu anatumia kwa wastani pungufu ya saa mbili kwa siku kutafuta chakula. Muda uliobaki ni wa hadithi, kutengeneza mishale, kucheza kamari na kulala kivulini. Mmarekani Marshall Sahlins akaichukua habari hiyo, akaiunganisha na ya wawindaji wa kwingineko, na mwaka 1972 akatoa kitabu kilichowatangazia wasomi wa dunia kwamba hao ndio matajiri wa kwanza, kwa kuwa wanataka vichache na wanavipata mapema. Wasomi wakashtuka. Walikuwa wanafanya kazi tangu alfajiri, wakati jibu liko kwenye kichaka cha Mbulu.

Wakafanya kile ambacho msomi hufanya akiambiwa kwamba kuna mtu amepumzika: wakaenda kumpima. Waliofuata wakaongeza saa za kuchimba mizizi, kutwanga ubuyu na kutengeneza zana, na zile saa mbili zikaanza kunenepa. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha matokeo ya kupima nguvu ambayo mwili wa Mhadzabe unatumia kwa siku. Ukishazingatia ukubwa wa mwili, haikuwa na tofauti na ya Mmarekani anayeshinda kwenye kiti. Mwaka 2015 kundi lingine likapima usingizi, Wahadzabe wakiwa miongoni mwa jamii tatu, likakuta watu wanalala kati ya saa 5.7 na 7.1 kwa usiku. Kwa kifupi, miaka zaidi ya hamsini ya watu kuacha wake na watoto wao Ulaya na Marekani, kulala kwenye hema na kuandika maombi ya ruzuku, imetumika kuchunguza namna binadamu anavyoweza kukaa kivulini. Sijaona taaluma iliyojitoa namna hiyo.

Wenyewe Wahadzabe, kwa upande wao, wamesumbuliwa na kila mtu. Serikali ilijaribu kuwakalisha vijijini tangu miaka ya 1960. Wafugaji na wakulima wamewasogelea, watalii wanafika wakitaka kushika upinde. Angalau sasa lipo jambo moja ambalo mwongozo huu unalionea wivu waziwazi: kupitia mradi wa kaboni wa Bonde la Yaeda, ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 2010, vijiji vinapata fedha kwa sababu miti yao imebaki imesimama. Kulipwa kwa kutokata mti! Usiharakishe kutuma maombi. Sifa za mwombaji ni kuwa na babu zako pale kwa miaka elfu kadhaa.

Hatua ya pili: ufundi

Ufundi ndio njia ambayo wazazi huitaja pale tu matokeo yanapotoka vibaya. "Basi aende VETA," mzee husema, kwa sauti ya kutangaza msiba mdogo. VETA ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, na kabla yake, tangu 1975, vilikuwepo vyuo vya maendeleo ya wananchi vilivyoigwa kutoka Sweden, kikiwemo kile cha Tango hapa Mbulu. Mzee huyo huyo akiharibikiwa na mashine ya kukoboa siku ya Jumamosi hatafuti mwenye shahada. Anatuma mtoto mbio amfuate aliyekwenda VETA.

Nitasema wazi, hata kama wasomi watanuna: kati ya watu wote wa wilaya hizi mbili, fundi peke yake ndiye amelitatua suala la kazi na maisha. Wengine wanahudhuria semina za suala hilo, yeye anaishi. Siri yake ina sehemu mbili, nazo ni advansi na kesho kutwa.

Nenda kwa seremala yeyote Dongobesh umwagize kitanda cha harusi. Utamkuta ameegemea benchi, maranda yamejaa mpaka kwenye vifundo vya miguu, penseli nyekundu iko sikioni. Atakusikiliza kwa makini kuliko daktari. Atachora ua la ubaoni kwenye kipande cha boksi, atakuuliza jina la bibi harusi ili alichonge, atataja bei, mtashushana. Kisha atasema anahitaji nusu tu ya fedha, kwa ajili ya mbao. Ukishatoa hiyo nusu, uhusiano wenu umebadilika milele. Jana alikuwa anakuhitaji wewe, leo wewe ndiye unayemhitaji. Harusi ni Jumamosi. Jumatatu mbao zimefika. Jumatano anakuonyesha miguu miwili na kukuomba uishike uone uzito wake. Alhamisi ni kwamba mbao za mgrevilea bado zina maji, zikipigwa msumari leo zitapasuka, na wewe si mtu wa kupewa kazi mbovu. Ijumaa simu haipatikani. Na Jumamosi saa tano asubuhi, ngoma imeshaanza kulia, kitanda kinaingia uani juu ya toroli, vanishi inashika vidole, ua limekaa vizuri kuliko ulivyotarajia. Watu wanapiga vigelegele. Nani atamgombeza fundi mbele ya vigelegele? Wanampa soda na kiti.

Chunguza alichokifanya. Kazi imekamilika kwa wakati aliouchagua yeye. Siku mbili katikati alikuwa shambani kwake. Hakuomba ruhusa kwa mtu, hakujaza fomu ya likizo. Ana laini mbili za simu, moja ya wateja na moja ya ndugu, na ile ya wateja huzimwa mara chaji inapopungua, nayo hupungua kila Ijumaa. Mwajiriwa wa serikali hawezi hata kuota uhuru huo.

Kuna gharama, sikatai. Mchomeleaji wa mageti anayejikinga kwa miwani ya jua ya mtumba atalipa kwa macho yake kabla hajafika miaka hamsini. Umeme ukikatika ndipo anapumzika, na ukirudi usiku ndipo anaamka. Bima ya afya hana, na pensheni yake ni yule kijana anayemshikia chuma leo, akijaliwa kuwa na shukrani. Fundi cherehani naye ana miezi miwili isiyo na usingizi: Desemba kwa nguo za Krismasi, Januari kwa sare za shule. Ukimwona ametulia miezi hiyo, jua cherehani imeuzwa.

Hatua ya tatu

Imeahirishwa mpaka fundi aliyepewa advansi yake apatikane.

Hatua ya nne: kujiajiri

Aliyejiajiri hana bosi. Sentensi hiyo imewaingiza wengi kwenye biashara, na ni kweli tupu. Ana mteja, ana dalali, ana ushuru wa halmashauri, ana kikoba kila wiki, ana yule anayekopa sukari na kuhama, lakini bosi hana.

Chukua kitunguu saumu, fahari ya Mbulu. Unalima pale Bashay, unapalilia kwa mkono, unang'oa, unakausha, unakisuka. Mwaka ambao bei ni nzuri, kijiji kizima kinaona. Mwaka unaofuata kijiji kizima kimelima, na mnunuzi anakuja na gari lake akiwa na uso wa mtu aliyefiwa, anakuambia soko limekufa, kisha anajaza gunia mpaka linaota kichwa cha pili. Hiyo ndiyo lumbesa. Imepigwa vita kwenye hotuba nyingi kuliko malaria, nayo bado ina afya njema.

Au uliza waliolima mbaazi. Siku za neema kilo moja ilizidi shilingi 2,000, watu wakang'oa mahindi kichwani mwao na kupanda mbaazi kila kona. Agosti 2017 serikali ya India, ambayo ndiyo mlaji mkubwa, ikaweka ukomo wa tani 200,000 kwa mbaazi zote zinazoingia nchini kwao. Huku bei ikaanguka mpaka mamia machache. Kwa hiyo mkulima wa Hanang aliyejiajiri ili asiamuliwe na mtu aligundua kwamba anaamuliwa na mtu aliyeko New Delhi, ambaye hamjui na hawezi kumwomba advansi.

Mtaji upo wa namna nyingi. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023 na kurudishwa mwaka uliofuata, kwa hiyo muda wa kuandika katiba ya kikundi utakuwa nao wa kutosha. Ukishindwa kusubiri, wapo jamaa wa kausha damu, wao hawana mlolongo. Wanakuja dukani na pikipiki mbili, na mwezi mmoja baadaye wanarudi na pikipiki tatu, kwa sababu ya tatu ni yako. Vitambulisho vya wajasiriamali vya shilingi 20,000, vilivyoanza kugawiwa Desemba 2018, mlivihifadhi? Wengine wamevitundika ukutani karibu na picha ya harusi.

Hapa niweke kejeli pembeni kidogo. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe viliporomoka kutoka Mlima Hanang vikaifikia Katesh, na watu zaidi ya themanini wakafariki. Wiki zilizofuata zilionyesha tofauti ya kazi na kazi kuliko semina yoyote. Aliyeajiriwa alikuwa na msiba na alikuwa na mshahara. Mwenye kibanda cha sokoni alikuwa na msiba, na kibanda kilikuwa chini ya tope. Anayekuambia ujiajiri bila kukuambia hilo hakupendi.

Ipo biashara moja ambayo wilaya hizi zimeifanya vizuri kuliko zote, na haihitaji fremu. Ni kukimbia. Gidamis Shahanga wa Hanang alishinda marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 1978 kule Edmonton. Gabriel Geay wa Mbulu aliweka rekodi ya taifa ya saa 2:03:00 huko Valencia mwaka 2022. Mtaji wa biashara hii ni raba na mapafu yaliyokulia kwenye baridi ya mlimani. Unaamka saa kumi na moja alfajiri, unapanda kilima ambacho mwenye akili anakishuka, unarudi, unalala mchana bila mtu kukuita mvivu, na hapo ndipo ilipo faida. Ila jipange kisaikolojia: mtu wa Mbulu anayekumbukwa zaidi duniani kwa mbio hizo ni John Stephen Akhwari, ambaye kule Mexico mwaka 1968 alianguka, akaumia goti, na akaingia uwanjani wa mwisho zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Baada ya hapo aliendelea na maisha na kulima shamba lake. Shamba, unaona, lilimsubiri hata yeye.

Hatua ya mwisho, ambayo imesahauliwa kwa makusudi

Kila aliyesoma mpaka hapa amemwona kijana wetu akiwa mwanamume. Rudi uhakikishe. Msomi anaandika sura ya nne usiku: nani amelaza watoto? Fundi amezima simu: nani anasimama mlangoni kuwaambia wateja kwamba ametoka sasa hivi, wakati anamsikia akikohoa chumbani? Mwenye duka amefuata mzigo Arusha siku tatu: nani yuko kaunta, mtoto mgongoni, anakumbuka deni la kila mtu bila daftari? Sheria ile ile ya 2004 inampa mama siku 84 za uzazi na baba siku tatu. Za baba huishia kwenye kupokea pongezi.

Ukimwona mwanamume wa Mbulu au Hanang ambaye kazi yake na maisha yake vimekaa sawa kama mizani ya duka la dawa, usimwulize anafanya kazi gani. Mwulize nani amekamua ng'ombe leo.

Kwa hiyo wewe dada, unayesoma huku dumu likiwa kwenye foleni ya bomba, chagua yoyote unayoipenda kati ya hizo. Una uwezo wa zote, na nyingine unazifanya tayari bila kuandikwa. Kwenye orodha ya watakaokusumbua ongeza tu mstari mmoja kwa ajili ya huyo anayetaka kuja kwenu na wazee wake. Mpe mwongozo huu ausome kabla ya barua ya posa. Akikurudishia kesho yake na maswali, mfikirie. Akikuambia atausoma kesho kutwa, huyo ni fundi, na usimpe hata senti ya advansi.